Ng'ambo ya Korongo Si Kwetu

Baba yangu uliyelala ng'ambo ya korongo,

Shikamoo. Najua ungeitika "Marahaba, Kabula, ng'ombe wamekunywa?" kabla hujaniuliza mimi mwenyewe nimeamkaje, kwa hiyo nianze na hilo: wamekunywa. Wamebaki wachache, maana malisho yamejaa vibanda, lakini wamekunywa. Mayu, mama yetu, hajambo. Macho ndiyo yamemwishia, mdomo ni ule ule unaoujua. Wajukuu wazima. Mdogo wangu Masanja naye mzima, ila mimi na yeye hatusemeshani, na hilo ndilo lililonikalisha na kalamu.

Baba, nimekusema. Wiki iliyopita nilisimama kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti, kamati ya ardhi, wachimbaji na watu wote waliokuja kukuzika, nikaeleza ulivyolipata lile eneo unalolala. Sikuficha neno. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu huko mliko habari hufika, na atakayekuletea lazima ataongeza chumvi.

Unaikumbuka Didia, baba? Mimi naikumbuka kwa kuni, au tuseme kwa kukosa kuni. Nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuokota mavi ya ng'ombe yaliyokauka, nikiyakosa nang'oa mabua ya pamba. Ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unamwona mtu anayekuja kutoka mbali mpaka unachoka kumsubiri. Mwaka ule mvua ilipogoma na ndama wakaanza kufa, ulikaa siku tatu husemi na mtu. Siku ya nne ukamwambia mayu, "Ardhi hii imechoka. Tunahama." Mayu akauliza, "Mpaka wapi?" Ukasema, "Mpaka ng'ombe waseme basi."

Jamani, ile safari. Kahama ilikuwa mbali kama Ulaya. Nilikaa juu ya mkokoteni kwenye magunia ya michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na kila gurudumu lilipoingia shimoni mimi niliingiza mkono guniani. Tulipofika Kahama mayu akakuta gunia limelegea kama tumbo la mzazi. Ukaniangalia mimi na mashavu yangu yaliyovimba, ukamwambia, "Panya wa huku wakubwa, mama Kabula. Tuwe macho." Hukunipiga. Wewe hukuwa mtu wa kupiga watoto, na hilo nalo nalisema, ili mtu asifikiri nimekukalia kikao cha lawama tu.

Nakumbuka tulivyopita Ushirombo, tukawaacha watawa wanamwagilia bustani zao, tukaendelea mbele zaidi mpaka njia ikawa kijia, na kijia kikaisha. Kisha miti. Miyombo, mininga, miti ambayo hatukuijua hata jina. Ulivua kofia. Mayu alikaa chini akaanza kucheka, akasema hataokota mavi tena maisha yake yote. Ukashika shoka siku ile ile. Watu waliotoka kwenye kiu wakionyeshwa mto hawaulizi mto wa nani, na sisi hatukuuliza.

Sasa nifike kwenye yale magogo. Yalikuwa yananing'inia juu ya miti, magogo mafupi manene yaliyokauka vizuri, yamefungwa kwa kamba za magome. Sisi wa Didia tungejuaje? Uliyatazama ukakuna kidevu, ukatutangazia kwa sauti ya mtu msomi: "Wasumbwa hawa wana akili. Wanaanika kuni juu ili mchwa wasizifikie." Sote tukakubali, tukaona kweli, watu wana akili! Ukapanda ukayashusha moja baada ya jingine. Yalikuwa matupu ndani, mayu akafurahi kwamba yanawaka upesi. La mwisho, weee! Lilikuwa na wenyewe. Ng'ombe walikimbia mpaka jioni, Masanja alivimba jicho likafunga, na wewe ulizama kwenye dimbwi na nguo zako zote, umebakiza pua. Tulicheka kisa kile miaka na miaka. Kila sherehe ulikuwa unasimulia, na kila ukisimulia nyuki wanaongezeka.

Lakini kuna kipande ulikuwa unakiruka. Kesho yake asubuhi alikuja Mzee Gervasi. Alisimama mbali kidogo na moto wetu, kofia mkononi, na mtoto wake wa kike wa rika langu nyuma yake. Moto wenyewe ulikuwa unakula gogo la mwisho. Alilitazama, akasema polepole, "Ndugu mgeni, umepikia mizinga yangu." Akaeleza kwamba mizinga mitupu haikuwa imetupwa, inasubiri nyuki wa msimu, na mti wenye mzinga huku ni mti wa mtu, kama boma lenye ng'ombe lilivyo la mtu. Alikuwa anaeleza vizuri kama mwalimu. Ungesema "samahani, sikujua," mambo yangeishia hapo, kwa sababu ni kweli hukujua. Wewe ukacheka. Ukamwambia, "Mzee, pori halina mwenyewe." Nilikuwa nimepiga magoti nakuna sufuria, nikamwona yule mtoto wake ananitazama. Sikujua niangalie wapi.

Mzee Gervasi aliondoka na mtoto wake. Alichukua mizinga yake iliyobaki kwenye miti mingine akaihamishia ng'ambo ya korongo, na siku alipomaliza alirudi kukuambia, mbele ya mayu na mimi, "Basi, ndugu, korongo ndilo mpaka wetu." Ukaitika. Ulisema, "Sawa, mzee." Maneno mawili tu, lakini uliyasema.

Miaka mitatu baadaye Mzee Gervasi aliugua, akalazwa Ushirombo. Ng'ombe wetu walikuwa wameongezeka, na ng'ambo kulikuwa na majani mazuri. Masika yale uliniamsha tukakata matawi ya minyaa, mimi nikayabeba kichwani mafungu kwa mafungu, tukavuka korongo, tukapanda ua. Umesahau? Mimi sijasahau, kwa sababu utomvu uliniingia jichoni nikapiga kelele mpaka nikaishiwa pumzi. Ulinibeba mbio, ukanilaza mapajani, ukaniosha jicho kwa maziwa mabichi na kunipulizia, unasema, "Ng'wana wane, mwanangu, fungua, nakuona, fungua." Ulikuwa unalia, baba. Sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa asubuhi ile. Kisha nilipotulia ukanitwisha fungu jingine, tukaendelea kupanda.

Mzee Gervasi aliporudi alikuta ua umeshika. Alisimama akautazama, akageuka. Baadaye msitu uliobaki ukawekwa alama na kufungwa na serikali, hana tena pa kutundika, akamalizia uzee wake anafuga kuku uani kwa binti yake. Mtu aliyekuwa anasikia nyuki wanahama akiwa ndani ya nyumba! Alipokufa ulikwenda msibani na mbuzi wawili. Ulichanga vizuri kuliko wote. Lile neno "samahani" hukulisema hata siku ile.

Na wewe ulipokuwa unatutoka ulisema uzikwe ng'ambo, mahali penye mwinuko, unapoweza kuona ng'ombe wakirudi. Tukakuzika huko. Hakuna aliyepinga. Nani angepinga, wakati kijiji kizima kinajua ni kwa Baba Kabula mpaka kwenye minyaa?

Haya, sasa sikiliza yaliyoingia. Huku kumetokea rashi, ndivyo wanavyoita watu wanapokimbilia mahali palipoonekana dhahabu. Walianzia upande wa barabara. Leo utafika usipajue: maturubai mpaka upeo wa macho, makarasha yanasaga mawe kutwa, vinyozi, makanisa ya mahema matatu yanashindana kwa vipaza sauti, wauza chipsi, mafundi simu. Watu wametoka Geita, Mara, Kigoma, wengine Mwadui kwa wenye almasi, wote wanaitana "mwanangu". Na usinicheke: mimi nimefungua banda la chakula. Nawapikia ugali na maharage, na wananiita Mama Neema kwa adabu kabisa. Siwachukii. Wengi ni vijana ambao kwao mvua imegoma, na nikiwatazama wanavyokula naiona familia yetu ilivyoingia huku na mkokoteni wake.

Lakini siku moja nilikwenda shambani kuchimba viazi nikakuta tuta langu limetobolewa shimo refu la kujaribia, viazi vimetupwa huku na huku. Kiongozi wao alikuwepo, kijana mpole wa maneno, amevaa buti safi. Nikamuuliza kwa ukali nani amemruhusu. Akatabasamu akasema, "Mama, si hapa palikuwa pori tu?" Jamani, baba! Ilikuwa sauti yako, imetokea kinywani mwa mtoto wa watu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikaa juu ya tuta nikalia, na yule kijana akafikiri nalilia viazi, akataka kunilipa.

Mawe mazuri, wanasema, yameelekea ng'ambo. Yamepita pale pale ulipolala. Bila ridhaa ya mwenye ardhi hawawezi kuchimba, kwa hiyo kamati ikaja kuandika mwenye ardhi ni nani. Masanja akasema ni sisi, na ridhaa anayo mfukoni. Wewe utahamishiwa makaburi ya kijiji, kwa heshima zote, na sanda mpya na saruji. Nikamwambia, "Masanja, unamfukua baba?" Akanijibu, "Dada, baba mwenyewe hakuwahi kukaa mahali palipochoka. Angekuwa hai angeshika sururu kabla yangu." Tena hapo, mwanao alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika. Si mbaya, Masanja. Anataka kuwahamisha watoto wake Katavi kwenye malisho, kama watoto wa baba mdogo walivyokwenda. Amekurithi hivyo hivyo, miguu na moyo.

Sheria ya kamati ni kwamba jirani wa zamani lazima ashuhudie mpaka. Jirani wa zamani amebaki mmoja, yule mtoto aliyesimama nyuma ya Mzee Gervasi. Sasa ni Mama Deo, ana mvi kama mimi. Alipoulizwa alisema hana la kusema, na mwenyekiti akatangaza kwamba mkutano ujao, kama jirani bado yuko kimya, wataandika kama Masanja alivyosema.

Nilimfuata nyumbani. Tumesalimiana maisha yote, baba, sokoni, kisimani, kanisani, lakini sikuwahi kukaa kwenye kigoda chake. Nikamwomba aseme chochote cha kuzuia. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha. Akasema, "Nikisema mimi, watasema kikongwe wa Kisumbwa ana wivu wa dhahabu. Iseme nyumba yenu."

"Nikisema, utapata eneo lote," nikamwambia. "Nawe utalifanya nini?"

"Unaniuliza hivyo kwa sababu unataka kujua kama ukweli utakulipa," akasema. Akapuliza makapi. "Sikuahidi kitu, Mama Neema. Baba yako alimwahidi baba yangu."

Nilirudi nimekasirika, namtukana njia nzima kimoyomoyo. Maana hesabu ilikuwa mbaya kila upande. Nikinyamaza, unafukuliwa. Nikisema, nakuvua nguo mbele ya kijiji, eneo linatoka mikononi mwetu, na Mama Deo anaweza kukufukua yeye siku hiyo hiyo, tena kwa haki. Ningemlaumu kwa lipi? Siku mbili sikula. Banda langu likalala na njaa, wachimbaji wakalalamika.

Nikaenda kwa mayu. Nilimkuta amekaa kivulini anachambua maharage kwa vidole, kwa kuwa vidole ndivyo macho yake sasa. Nikamweleza yote. Nilitaka anikataze, nakwambia kweli. Angesema "usimwaibishe mume wangu" ningeshukuru, ningekuwa na pa kujificha. Akasema, "Ugali ule niliupika mimi."

"Upi, mayu?"

"Wa mizinga. Nilipika, nikala, nikanywea maji. Na wewe ulikula." Akatupa harage bovu pembeni. "Nenda kaseme. Na uniseme na mimi. Usimwache peke yake."

Basi nikaenda. Ulikuwa mkutano mkubwa, wachimbaji wamejaa mpaka nje ya turubai. Mwenyekiti aliuliza kama kuna neno kabla ya kuandika, nikanyoosha mkono. Masanja alinitazama kwa kutabasamu, akifikiri nimekuja kumuunga mkono. Nikasimulia magogo, watu wakacheka, wengi wanakijua kisa chako. Nikawaacha wacheke. Kisha nikaendelea na kile kipande ulichokuwa unakiruka, na kicheko kikapungua kikaisha. Nikasema kuhusu "korongo ndilo mpaka" na kuhusu "sawa, mzee." Nikasema kuhusu minyaa, kwamba niliibeba mimi, kichwani pangu. Nikasema mama yetu anakiri ugali. Nikamalizia, "Ng'ambo ya korongo si kwetu. Tuliingia mwenyewe akiwa kitandani anaumwa." Masanja aliondoka kabla sijakaa.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Deo. Aliinuka kwa shida, magoti yake mabovu. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa," akakaa tena. Nilingoja. Baba, nilingoja neno la pili mpaka masikio yakavuma. Kamati wakaandika. Korongo ni mpaka. Ng'ambo ni kwa watoto wa Gervasi. Yule kijana wa buti safi hakupoteza muda, aliinama pale pale kwa Mama Deo kwa unyenyekevu wote, akamuuliza kuhusu ridhaa, na kuhusu kaburi.

Mama Deo alimtazama mpaka kijana akachutama. "Pale kuna mgeni wangu amelala," akasema. "Mgeni hafukuliwi."

Sikulia pale. Nililia nyumbani, nimeshika mlango, mpaka Neema akafikiri kuna msiba mpya. Sijui nililia nini hasa. Furaha ilikuwepo. Aibu ilikuwepo. Nadhani kubwa zaidi lilikuwa lile neno, mgeni. Miaka yote ile, na boma lote lile, na ng'ombe wote waliojaza bonde, hukuwahi kukaribishwa huku na mtu yeyote. Umekaribishwa sasa, huna hata mdomo wa kushukuru.

Sijui itakuwaje mbele. Mama Deo ni mzee kama mimi, na watoto wake wanayatamani mawe kama watoto wa kila mtu. Wachimbaji watasogea kwingine, watarudi, watakuja wengine na mashine kubwa zaidi. Masanja ameuza ng'ombe wake wawili, anajiandaa na Katavi. Hajaniaga, na nikimwona barabarani moyo unaniuma kwa sababu anatembea kama wewe. Nimemwekea gunia la michembe, atalichukua akitaka. Mimi siendi kokote. Si kwa sababu ardhi hii haijachoka. Nimechoka kufika mahali pa watu.

Nimekusema, baba, na sijutii, na nakupenda vile vile. Vyote viwili vinakaa kifuani mwangu na hakuna kinachomfukuza mwenzake. Kama umenikasirikia, kasirika, una haki. Ila usininyamazie ndotoni kama ulivyonyamaza siku zile tatu za Didia.

Jumapili nilikuja kukusalimia. Nilivuka korongo na maji yangu na ufagio kama kawaida, na nilipofika kwenye ua wa minyaa mguu ukakataa. Nikarudi nyuma, nikazunguka mpaka uani kwa Mama Deo, mimi mwanao niliyekuwa naingia kwako kama ninavyoingia jikoni kwangu. Nikasimama nje na ufagio wangu mkononi, nikapiga hodi.

Akaniitikia, "Karibu. Pita ukamwone."

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Kabula